Perege Ndani ya Greda

Jumatatu, 8 Januari

Wamefika. Perege thelathini, wazima wote, ndani ya sanduku jeupe la kuhifadhi joto. Wametoka kusini kwa lori la posta, saa tisa njiani. Dereva aliniuliza kama ni samaki wa mapambo. Nikamwambia ni mapinduzi. Akaniomba nitie sahihi.

Nimewatia kwenye tangi la zamani la maziwa, katika banda la dada yangu Steinvör. Banda hilo halijaona ng'ombe miaka kumi na miwili. Juu ya tangi nimepanga vitanda vinne vya kokoto. Mpango ni mwepesi, hata Hjalti angeuelewa. Samaki wanakunya. Pampu inapandisha maji machafu kwenye kokoto. Bakteria wanageuza uchafu kuwa mbolea, mboga zinajinywea, maji yanarudi kwa samaki yakiwa safi. Hakuna udongo. Hakuna jembe. Hakuna tena kusubiri saladi ya kusini inayofika kwetu imenyong'onyea kama soksi. Wasomi wanaiita akwaponiki. Mimi naiita kazi ya Torfi.

Nilipomaliza zamu yangu ya kusukuma theluji barabarani kwa greda, nikapita kwenye bwawa la kuogelea. Nikaketi katika beseni la maji moto, ambako habari zote za ghuba yetu huanzia, nikatangaza. Karamu ya Thorri, sherehe yetu ya katikati ya majira ya baridi, mwaka huu, tarehe kumi Februari, haitakuwa ya vyakula vya kijivu peke yake. Kichwa cha kondoo kitakuwapo, korodani za kondoo dume zilizochachushwa zitakuwapo, papa aliyevunda atakuwapo, sawa. Lakini kutakuwa pia na majani mabichi na samaki wa maji ya moto, kwa watu wote themanini, kutoka bandani kwangu.

Hjalti, msimamizi wa bwawa, alikuwa amesimama na brashi yake. Akauliza kwa upole kwa nini nisifuge bleikja, wale wenye tumbo jekundu waliojaa ziwani kwetu chini ya barafu. Wanapenda baridi, alisema, na ni watamu. Nikamjibu kwamba bleikja hata ziwa linaweza kuwafuga. Akatabasamu, akaingia ofisini kwake.

Nalijua tabasamu lile. Hjalti ndiye anayeandika mchezo wa kuchekesha wa karamu. Kila mwaka kuna mtu kijijini anayepandishwa jukwaani na kunyonyolewa kama kuku. Miaka sita mfululizo mtu huyo ni mimi. Mwaka wa sabuni yangu ya mwani, kasisi alicheka mpaka akabebwa nje. Mwaka huu Hjalti hatapata cha kuandika.

Alhamisi, 11 Januari

Maji yana digrii kumi na tatu. Perege wanataka ishirini na sita. Wamelala sakafuni mwa tangi, wananiangalia kama wateja wanaotaka kuonana na meneja.

Asubuhi nimelivisha tangi sufu. Magunia sita, sufu nyeupe bora, ambayo Steinvör alikuwa ameiweka ya kusokota. Nilikusudia kumwambia. Halafu nikatumbukiza heta tatu. Digrii kumi na saba. Nikaongeza heta ya nne.

Taa za banda zikazimika. Nikatazama dirishani, nyumba ya dada nayo giza.

Kumbe ndani alikuwa anatazama mpira wa mikono. Timu ya taifa, mabao sawa, dakika moja imebaki. Alivuka ua juu ya theluji kwa soksi. Steinvör ana miaka sitini na mitatu, na tangu tumzike mumewe sijamsikia akipandisha sauti. Hata leo hakupandisha. Alisema ananipa mpaka siku ya karamu. Kama mpaka siku hiyo hakuna kitu kilichotoka banda lile kikaingia kinywani mwa mtu, banda atamkodisha Hjalti aweke pikipiki zake za theluji.

Hjalti tena!

Ili kubadili mazungumzo nikamwuliza nani kashinda. Akasema hilo ndilo na yeye angependa kujua. Kisha akaiona sufu.

Jumapili, 14 Januari

Mbegu zimeota. Vichipukizi kumi na kimoja.

Jua limejificha nyuma ya mlima tangu Novemba, kwa hiyo nimefunga taa za zambarau. Mboga zinazipenda. Tatizo ni kwamba banda linang'aa ghuba nzima, kama kilabu cha pombe. Baada ya ibada kasisi aliniuliza siku ya ufunguzi.

Adhuhuri akaja polisi. Kilomita arobaini kupitia mlimani, kwa sababu yangu. Kijana wa heshima, alivua buti mlangoni. Akakagua vitanda kimoja kimoja, akainama, akanusa. Akauliza hii ni aina gani ya bhangi. Nikamwambia ni saladi. Akaonekana kuvunjika moyo. Akachuma jani kubwa kuliko yote, akalitafuna polepole, akaandika kitu kwenye daftari.

Sasa vichipukizi ni kumi na kimoja lakini kimoja ni kipara.

Jumatano, 17 Januari

Perege wako juu ya maji, midomo wazi. Njaa! Nikawaongezea chakula. Hawakula. Nikawapondea samaki mkavu na siagi kidogo, jinsi mimi mwenyewe ninavyompenda. Wakazidi kutweta.

Kwa bahati nzuri, Védís akapita. Védís ni mpishi wa shule na ndiye mkuu wa jikoni wa karamu. Alikuja kuona kama kweli atakuwa na majani ya kupanga mezani au aendelee na kabichi ya kopo. Amekulia kwenye shamba la samaki, jambo ambalo hakuwahi kunitajia. Alitia kikaratasi cha kupimia ndani ya maji. Kikageuka kijani cha kutisha. Kisha akaona siagi inaelea.

Védís huongea taratibu, kama anayesomea watoto. Alisema samaki hawana njaa, wanakufa kwa mavi yao wenyewe. Bakteria wa kusafisha maji hawajazaliwa. Kwenye joto huchukua wiki nne. Kwenye ubaridi kama huu, pengine hadi Pasaka. Dawa ni mbili: niache kabisa kuwalisha, na niombe kichujio kikuukuu kutoka kwenye tangi la mtu mwingine, chenye bakteria waliokomaa.

Nikamwuliza nani hapa ghubani ana tangi la samaki.

Akasema Hjalti. Ofisini bwawani. Samaki wa dhahabu wawili, mwaka wa saba sasa. Nimwombe tu, Hjalti hana neno.

Nimwombe Hjalti? Mimi?

Ijumaa, 19 Januari

Imefanyika.

Nilikwenda bwawani saa nne, Hjalti akiwa anasukuma theluji mlangoni. Nilivaa suruali ya kuogelea na kofia ya sufu. Nikapenya ofisini. Samaki wa dhahabu waliniona, lakini hao siri wanatunza. Nikachomoa sponji ya kichujio, nyeusi, inanuka kama mtaro, nikaitia ndani ya kofia, nikavaa kofia. Mahali pake nikaweka sponji ya vyombo kutoka jikoni kwangu. Mpya, ya njano. Mimi si mwizi.

Wakati natoka, Hjalti huyo mlangoni. Akanisalimu. Akatazama maji meusi yanayonitiririka shavuni. Akauliza kama niko sawa. Nikasema nimepaka rangi ya nywele. Akasema imenipendeza.

Sponji sasa iko ndani ya kokoto. Nendeni mkazaane, wadogo zangu.

Jumatatu, 22 Januari

Kikaratasi leo kimekuwa cha njano! Maji yanang'aa. Heta tatu zinafanya kazi bila kumzimia dada televisheni, na polepole maji yamefika digrii ishirini na sita kamili. Perege wanazunguka. Saladi inapanda, figili zinapanda, kuna mnanaa ambao sikumbuki hata kuupanda. Nimesia vitanda vyote vinne.

Nimekaa beseni la moto saa nzima nikieleza. Wengine waliondoka, wakaja wengine, nikaanza upya. Hjalti alikuwa anasikiliza huku akisugua kigae kile kile. Binti yake Sunnefa alikuwapo pia, ana mimba kubwa, alikuwa anaelea tu kama boya. Alisema Alhamisi anavuka mlima kwenda kukaa karibu na hospitali asubiri kujifungua. Bado wiki mbili. Nikamweleza na yeye habari za bakteria.

Idara ya hali ya hewa inasema upepo unakuja. Kila mara inasema upepo unakuja.

Alhamisi, 25 Januari

Mengi. Nitayaandika kwa mpangilio.

Juzi Jumanne upepo ulikuja. Saa nane mchana nguzo za umeme zikalala, simu zikafuata. Steinvör akaleta pampu ya baiskeli ya marehemu, tukapokezana kuwapulizia samaki hewa, yeye na mimi, usiku kucha. Jana kulipopambazuka maji yalikuwa digrii kumi na tano na yanashuka.

Nikafikiri, ni wapi ghubani kote pana joto? Jibu lilikuwa limeegeshwa nje. Greda. Heta ya kibanda cha dereva katika greda inaweza kuoka mkate. Nikawagawa perege kwenye madebe matatu ya maziwa, kumi kumi, mawili juu ya kiti cha abiria na moja sakafuni, nikafungua heta mpaka mwisho, nikaenda kazini. Nilisukuma theluji asubuhi nzima nikiwa na shati la ndani tu. Nilikuwa najisifu kwa sauti. Perege ndio mashahidi.

Saa tano redio ya mawasiliano ikaita. Ilikuwa sauti ya Hjalti, lakini sikuitambua. Sunnefa ameshikwa na uchungu. Wiki mbili kabla. Gari la wagonjwa limefika upande wa pili wa mlima na haliwezi kuvuka, theluji inaziba barabara mbele na nyuma yake. Hakuna kinachoweza kupanda isipokuwa greda.

Nilimkuta Hjalti barabarani, amemshika bintiye mabegani, wote wawili weupe kwa theluji kama nguzo mbili. Nikafungua mlango. Akaona kiti. Akaona madebe.

Sijivunii nilichofikiri. Nilifikiri: labda akae juu ya madebe. Nilifikiri hivyo kwa muda wa pumzi moja. Kisha nikashuka, nikayabeba madebe mawili, nikayasimamisha chini ya nguzo ya barabara, nikafunga vifuniko. Upepo wa digrii kumi na moja chini ya sifuri. Nilijua ninachofanya. Perege ishirini. Mmoja nilikuwa nimempa jina.

La tatu nilipolishika, Sunnefa akasema liache, lina joto, nitawekea miguu.

Mahali pa Hjalti hapakuwapo. Alinitazama. Alifunga mlango yeye mwenyewe, akaupiga kofi mara mbili, kama watu wanavyompiga farasi.

Kilomita kumi na nane, saa tatu na nusu. Sikuona barabara. Niliona kijiti cha njano cha ukingo wa barabara, halafu weupe, halafu namngoja Mungu anionyeshe kijiti kingine. Mara mbili gurudumu la kushoto lilikanyaga hewa. Sunnefa alikuwa anahema kwa meno. Mimi nikiogopa huongea, basi nikaanza: kwamba samaki hutoa amonia, kwamba kuna bakteria wa aina ya kwanza na wa aina ya pili. Katikati nikaona haya nikanyamaza.

"Endelea, Torfi," akasema. "Ongea mavi ya samaki, ongea chochote. Usiniache na ukimya huu."

Nikaendelea. Nikamweleza hadi mambo ambayo sina hakika nayo. Nilipomwambia kwamba samaki debeni watakosa hewa maji yakitulia, alifungua kifuniko, na kila uchungu ulipokuja alikuwa anakoroga maji kwa mkono, kwa nguvu zake zote, huku akimtukana mume wake aliyeko baharini na mimi na perege wote kumi. Sijawahi kuona maji yenye hewa nzuri namna ile.

Taa za buluu za gari la wagonjwa tulizikuta baada ya kona ya mwisho. Walimbeba. Mkono wake ulikuwa unanuka samaki. Saa tisa na dakika kumi, ndani ya gari lao, mtoto wa kike, kilo tatu na robo, sauti ya king'ora.

Niliwafungulia njia hadi hospitali, nikalala kwenye benchi huko, debe pembeni. Muuguzi alinikopesha chombo cha kupulizia hewa. Sikumwambia ni kwa ajili ya nani.

Leo nimerudi. Upepo umekufa kabisa. Nilipofika kileleni jua likachungulia, kwa mara ya kwanza tangu Novemba, mstari mwembamba tu juu ya mlima wa pili. Nikazima injini. Nikakaa. Kijijini leo wote wanakula chapati za sukari kulipokea, kama kila mwaka, na mimi nilikuwa nalitazama kabla yao wote. Nililia kidogo. Mwanga ulikuwa mkali.

Madebe mawili yalikuwa pale pale nilipoyaacha. Yameganda mpaka chini. Nikavua kofia.

Nilimkuta Védís kwa Steinvör, na chapati. Nikaweka madebe sakafuni. Védís akafungua, akachungulia, akasema samaki hawa wameganda wakiwa wabichi kabisa, atawaweka kwenye friza ya shule hadi karamu. Ishirini, kila mmoja vipande vinne. Watu themanini. Akala chapati yake.

Sina hakika kama huyu mwanamke ana moyo au ana kikokotoo.

Jumamosi, 27 Januari

Umeme ulirudi jana, na ulirudi na hasira. Heta zote tatu zimeungua. Tangi lina digrii tano. Perege kumi waliobaki wako kwenye beseni langu la kuogea nyumbani, wanaishi vizuri, mimi naoga kwa kitambaa.

Lakini mboga zimeanza kuwa njano. Tangi tupu, hakuna anayekunya, hakuna mbolea. Niliwaza kuagiza perege wengine. Lori la posta halitapita hadi wiki ya pili ya Februari. Steinvör ameanza kupima mlango wa banda kwa hatua. Upana wa pikipiki, nadhani.

Saa saba mchana mlango ukafunguliwa kwa teke. Hjalti, uso mwekundu, kekee ya kutobolea barafu begani, na mapipa mawili kwenye sleji. Alikuwa ziwani tangu asubuhi. Bleikja arobaini, hai, matumbo mekundu kama jiko la kuni. Hakuniuliza. Aliwamimina tangini. Katika maji yale ya digrii tano walipiga mkia mara moja wakaanza kuogelea kana kwamba wamezaliwa pale.

Nilitaka kumwambia kwamba hawa ni samaki wa kila mtu. Nikajikausha.

Tulisimama. Mimi si mzuri kwa kusimama na Hjalti. Alikohoa, akasema mtoto anaendelea vizuri, na kijijini wameshaanza kumwita Perege, na jina hilo halitamtoka hata kasisi ambatize namna gani. Nikasema pole. Akasema hapana, ni jina zuri.

Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa sponji. Nyeusi, inanuka.

"Ile uliyochukua ilikuwa ya kulia," akasema. "Hii ni ya kushoto. Zinafanya kazi vizuri zikiwa pamoja."

Akaondoka. Miaka saba ya kulea bakteria, akanikabidhi kama mtu anayekupa mabaki ya keki. Nikaizika ndani ya kokoto, pembeni ya ile ya kulia.

Jumapili, 4 Februari

Kijani! Vitanda vyote. Maji digrii saba, hakuna heta hata moja, sufu imerudi kwa mwenyewe ikinuka kidogo. Bleikja wanakula, wanakunya, wananenepa. Saladi haikimbii kama kule kwenye joto lakini majani yake ni manene na matamu, yanavunjika mdomoni. Védís anasema mboga hizi zinapenda mizizi baridi na mwanga mwingi, na samaki hawa wanapenda maji haya, na kwamba mtu angeweza kufikiri jambo hilo tangu mwanzo.

Nimemwambia ndivyo nilivyopanga. Akanikata jicho.

Jumapili, 11 Februari

Karamu. Nianze na chakula.

Majani manne kwa kila mtu. Nilihesabu mwenyewe, trei kwa trei. Yaliwekwa juu ya mkate mweusi, na juu yake kipande cha perege kilichokaangwa kwa siagi, kikubwa kama kidole gumba. Kasisi alimaliza chake akatazama cha jirani. Watu walikitafuna kimya kama wako kanisani. Steinvör alikula jani lake la nne kwa mkono, akiwa amefumba macho. Alipomaliza akaniambia banda ni langu, na kwamba timu ya taifa siku ile ilishinda kwa bao moja, amejua wiki tatu zilizopita, alitaka tu niteseke.

Kisha taa zikashushwa. Mchezo.

Nilikuwa mtulivu. Nilijiambia, mtu uliyempelekea bintiye hospitali hawezi kukunyonyoa. Pazia likafunguliwa. Jukwaani greda ya maboksi. Ndani ya greda Hjalti, amevaa shati la ndani na kofia ya sufu, maji meusi yanamtiririka shavuni, amezungukwa na madebe, anayaeleza madebe hadithi ya amonia. Ukumbi ukaangua kicheko. Alikuwa na sauti yangu. Alikuwa na mkono wangu, huu wa kulia, ninavyouzungusha nikieleza pampu, sikujua nauzungusha. Kabla ya kufika sehemu ya mtoto alikuwa amepitia siagi, polisi, sufu na soksi za Steinvör. Watu walikuwa wanalia. Mimi nilikuwa natafuta mlango.

Ndipo jukwaani akasimama mtu akiigiza Hjalti mwenyewe, barabarani, kwenye theluji ya pamba. Védís, na masharubu ya kubandika. Greda ikaanza kuondoka. Hjalti, aliyekuwa mimi, alitakiwa kusema kitu cha kuchekesha hapo. Alifungua mdomo. Hakikutoka. Alibaki amesimama na usukani wa boksi mkononi, akitazama mstari wa tatu, alipokaa Sunnefa na yule mtoto kifuani, amelala fofofo katika kelele zote zile.

Akavua ile kofia. "Nilizitazama taa zake mpaka zikapotea," alisema, kwa sauti yake mwenyewe. "Nilijua nani anaendesha. Sikuogopa sana."

Halafu akasema sehemu hiyo imeisha, nendeni mkacheze dansi.

Niseme tu kwamba kofia yangu ni ya kijani na ile ilikuwa ya buluu. Mengine sina la kusema. Nilicheza na Védís mara mbili. Alikuwa bado na masharubu.

Jumatatu, 12 Februari

Nimetulia sasa, naona mambo kwa uwazi.

Banda ni langu. Maji ni safi. Bakteria wa Hjalti, wa kulia na wa kushoto, wako imara. Mfumo unajiendesha bila heta, bila kelele, kijiko cha chakula asubuhi na kijiko jioni. Védís anataka majani kwa shule kila Jumatatu. Steinvör ameomba figili. Asubuhi nilisimama tangini robo saa nzima nikitafuta cha kurekebisha, sikukipata. Inachosha.

Nimekaa nimechambua kosa letu lilikuwa wapi. Si baridi. Si umeme. Kosa ni kwamba perege hawakuwa na hadhi. Mtu havuki mlima kwa ajili ya perege. Kambamiti, hapo ni habari nyingine. Wakubwa, wa kijivujivu, kama vidole vya baharia. Wanataka digrii ishirini na nane tu, mbili zaidi ya perege, mbili ni nini? Na chumvi kidogo. Mboga zitazoea chumvi. Hakuna aliyewahi kuziuliza.

Heta mpya sita nimeagiza. Bleikja nitawarudisha ziwani kesho asubuhi kwa greda, wote arobaini, ili tangi lipate kupashwa moto mapema. Hjalti ameniazima mapipa yake. Aliniuliza ya nini, nikamwambia ya usafi. Akatabasamu, akaingia ofisini kwake.

Kambamiti mia mbili wanafika Jumatano. Redio inasema Alhamisi kutakuwa na dhoruba kubwa kuliko ile ya Januari. Watakuwa wamepata siku nzima ya kuzoea.